Nyasi Zilizofungwa za Kidula

Siku mliyoniaga mlinipa godoro. Nimelilalia, ni zuri, nawashukuru. Lakini Deus wa kompyuta alisimama akatangaza kwamba mzee atatuachia uzoefu wake kwa maandishi, watu wakapiga makofi, na mimi nikiwa na soda mkononi na keki mdomoni sikupata nafasi ya kukataa. Basi haya ndiyo maandishi. Sitaeleza nilipanda cheo lini wala nilirithi kiti cha nani. Hayo yapo masjala, na panya wameshayasoma. Nitaeleza habari za Kidula, kwa sababu karibu kila ninachojua kuhusu kupanga mji nilijifunza pale, na ni pale pale nilipoona jinsi kinavyoshindwa.

Nilifika Bariadi kabla mkoa wetu haujazaliwa. Tulikuwa wilaya ya pembeni na mambo makubwa yote yaliamuliwa Shinyanga. Nilikuwa mchora ramani mpya kutoka chuoni, shati jeupe, kalamu za wino zimepangwa mfukoni kama daktari. Ofisi ya ardhi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bohari ya mbegu za pamba, na mpaka leo nikinusa mbegu za pamba nakumbuka ramani. Mkuu wangu alikuwa Bwana Haule, afisa mipango miji, mtu wa Songea, mrefu, mkimya, mwenye tumbo bovu lililomfanya akatae chai ya kila mtu. Siku ya kwanza hakunipa kalamu. Alinipa wembe.

Nyie wa kompyuta hamjui wembe ulifanya nini. Tulichorea kwenye karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na wino ukishakauka pale haufutiki kwa kifutio. Unaukwangua kwa ncha ya wembe, polepole, huku umebana pumzi, kisha unalainisha mahali pale kwa ukucha ili wino mpya usitawanyike. Ukiwa na haraka unatoboa, na ukitoboa unaanza ramani nzima upya.

"Jifunze kufuta kwanza," Bwana Haule aliniambia. "Kuchora utajua tu."

Halafu akachukua ramani ya zamani ya mji akaiinua dirishani. Kwenye mwanga yakaonekana makovu, mengine madogo kama punje ya mtama, mengine marefu. Hapa barabara ilihamishwa. Hapa eneo la soko likapewa mtu. Alisema kila lililobadilishwa ofisini mle lilikuwa limeacha alama, na kwamba hilo lilimsaidia kulala usingizi.

Kupanga mji kwake kulikuwa jambo la miguu. Tulitembea mpaka soli zikatoboka. Kila tulipofika mahali aliuliza swali moja: bomba la maji limefikia wapi? Aliamini mji ujaze mapengo yake kwanza kabla ya kutafuta ardhi mpya. Watu wakae karibu na soko, duka liwe chini ya nyumba na si maili mbili mbele, shule iwe mahali mtoto anafika kwa miguu bila kuvuka barabara kuu, mbuga yenye udongo mweusi iachiwe mpunga na pamba, malisho yasiguswe. Nyie mnakwenda semina Dodoma mnarudi na majina marefu ya Kiingereza ya mambo haya haya. Sina ugomvi na majina.

Sasa Kidula. Wageni kati yenu wajue kwamba ni upande wa kuelekea Ngulyati, na wakati huo kilikuwa kitongoji cha wakulima wa pamba na wafugaji, kila mji wa mtu, yaani kaya yake, umezungushiwa ua wa minyaa. Bwana Haule alikuwa anaandaa Mpango Kabambe, yaani ramani ya mji wote kwa miaka mingi ijayo, na alihitaji kujua mji ukishajaa utapanukia wapi. Tukaenda na Land Rover ya halmashauri katikati ya mvua. Tukakuta eneo kubwa la nyasi zimefika kifuani, hakuna ng'ombe, hakuna shamba, hakuna hata njia ya miguu. Dereva akaingiza gari ndani. Bwana Haule akasimama juu ya bampa akaangalia pande zote, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

"Ardhi yote hii," alisema, "na hakuna mtu."

Nilikuwa nimeshaanza kukunjua karatasi tuliposikia yowe. Juu ya kichuguu alisimama mwanamke kijana, mtoto mgongoni, ameweka viganja mdomoni. Yowe likapokelewa upande wa pili, likapokelewa tena, na kabla hatujaelewa wanaume walikuwa wanatokea kwenye minyaa na fimbo na pinde. Hakuna aliyetupiga. Walitutoa kwenye nyasi kwa mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwingine, na gari wakalisukuma kinyumenyume kwenye alama zake zenyewe lisivunje majani mengine. Kisha tukaambiwa tukae chini.

Hapo ndipo nilipofundishwa ngitili, mimi na stashahada yangu. Mvua zikianza, wana Kidula hufunga nyasi za eneo lile. Asiingie ng'ombe, asiingie mtoto, usikatwe hata unyasi wa kuezekea. Kiangazi kikishamaliza majani ya kila mahali, wazee wanafungua, na ng'ombe wa kulima wanaingia kwanza. Bila hivyo maksai wanafika mwanzo wa mvua wakiwa mifupa, jembe linabaki limelala, na pamba inapandwa imechelewa. Anayesikia yowe la ngitili lazima aje. Asiyekuja analipa faini sawa na aliyeingia.

Bwana Haule alijaribu kueleza kwamba sisi ni serikali na kwamba tuliona eneo halitumiki. Yule mwanamke, jina lake Nkwimba, alikuwa bado anahema kwa kukimbia.

"Nyie mmeona hakuna ng'ombe mkasema hakuna mwenyewe," alisema. "Ng'ombe hawapo kwa sababu mwenyewe yupo."

Bwana Haule akatoa barua ya wilaya yenye mhuri. Mwenyekiti wa kitongoji akaisoma yote taratibu, akaikunja, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Barua nzuri, baba. Mbuzi unaleta lini?"

Tulileta mbuzi Jumamosi. Aliliwa pale pale na watu wote, na Bwana Haule, yule wa tumbo bovu, alikula maini. Jumatatu alichukua wembe mwenyewe akakwangua mishale yote ya upanuzi iliyoelekea Kidula. Eneo likapakwa kijani, rangi ya malisho. Toka siku hiyo ofisi yetu ikawa na sheria ambayo haikuandikwa popote: hakuna eneo linalochorwa mpaka mchoraji alitembee kwenye mvua na kwenye kiangazi.

Mimi nilirudi kiangazi hicho hicho. Nchi ilikuwa nyeupe, kuku wanachakura vumbi, na katikati yake nyasi za Kidula zimekauka vizuri zikiwa zimesimama, ng'ombe wanakula kimya kabisa. Nkwimba alikuwa na maksai wake wawili wa kulima. Mumewe alikuwa mtu wa kusafiri na mifugo ya watu, siku nyingine yuko Lalago, siku nyingine hajulikani aliko, kwa hiyo jembe lilikuwa la Nkwimba. Akanionyesha maksai mmoja, mwekundu, mnene.

"Huyu tumempa jina Afisa," alisema. "Anakula vizuri. Kulima mpaka asukumwe."

Nilicheka mpaka nikaona aibu kucheka peke yangu, maana yeye alisema bila kutabasamu. Kwa miaka mingi baadaye kila maksai wake mwekundu aliitwa Afisa. Alipokufa mmoja, mwingine alirithi jina. Hicho ndicho cheo pekee ninachokitaja humu.

Bwana Haule alistaafu akarudi Songea, na baada ya muda tukasikia amefariki. Wembe wake aliniachia kwenye kibati cha dawa. Ramani ya kijani ilibaki ukutani, ikaheshimiwa zaidi ya nilivyotegemea, labda kwa sababu hakuna aliyeitaka ardhi ile.

Kisha mkoa ukazaliwa, na kila mtu akaitaka. Ofisi mpya, watumishi wapya, kila mtumishi na kiwanja chake, kila kiwanja na ndugu wanaotaka cha jirani. Katikati ya mji mapengo yalibaki mapengo, mabati ya uzio yakishika kutu, kwa sababu wenyewe walisubiri bei ipande. Mji ukakimbilia barabarani, nyumba hapa, nyumba kule, kama mtu aliyemwaga karanga. Tulikuwa tunazifukuzia nyumba kwa bomba la maji, na bomba halikimbii. Kidula kikaacha kuwa kitongoji cha kijiji, kikawa mtaa wa mji. Ilifanyika sherehe. Diwani alitoa ng'ombe.

Niliona hatari mapema, nikawaambia wana Kidula waombe hati ya pamoja, ngitili iandikwe kwa jina la jamii yote. Walikubali. Faili likaenda Dodoma, likarudi linadai muhtasari wa mkutano. Tukapeleka muhtasari, likarudi linadai upimaji. Tukaomba upimaji, gari halikuwa na tairi. Gari likapata tairi, mpima akahamishwa. Msidhani natania.

Ndipo ukaitishwa mkutano ambao bado naurudia kichwani. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Masanja, mtoto wa yule mzee aliyetutoza mbuzi, katekista, mtu mwaminifu kuliko wengi niliofanya nao kazi. Alisema mji unakuja na ardhi ya wote haina wa kuitetea mahakamani. Tuigawe, kila kaya ipate kipande chake, tupande minyaa, kila mtu akatafute karatasi yenye jina lake. Lakini nyasi tutaendelea kuzifunga na kuzifungua pamoja kama zamani. Watu wakaitikia. Walifanya hivyo ili kuiokoa. Hilo naomba mlielewe, maana nimesikia vijana wa ofisini wakisema watu wa Kidula walikuwa na tamaa.

Nkwimba alisimama. Alikuwa sasa mtu mzima, mumewe ameshazikwa, yule mtoto wa mgongoni, Jilala, ameshaota ndevu.

"Mkizigawa siyo ngitili tena," alisema. "Ni vipande vya majani."

Na mimi nikasimama. Nikawaambia kipande kikishakuwa na jina la mtu, siku mtu huyo akibanwa kitakuwa cha kwanza kuuzwa. Nikawaomba wasubiri hati ya pamoja. Masanja alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Baba, unatuambia tusubiri faili," alisema. "Tumesubiri mvua ngapi?"

Nikakaa. Walipanda minyaa wiki ile ile kwa kazi ya pamoja, kwa nyimbo, na mistari ilinyooka kuliko ya wapima wetu. Nilisimama pembeni nikiwatazama. Walikuwa na furaha.

Kipande cha kwanza kiliuzwa kwa ajili ya mtoto aliyepelekwa Mwanza kutibiwa. Nani angemkataza? Cha pili kilikuwa ada ya chuo. Kisha Jilala akauza sehemu aliyopewa akanunua pikipiki, akahamia Lamadi kubeba abiria. Wanunuzi walikata minyaa wakaweka bikoni, zile nguzo fupi za mipaka ya viwanja. Kila mmoja alikuwa na sababu, na nyingine zilikuwa sababu ambazo hata mimi ningeuza.

Baadaye Mpango Kabambe ukafanyiwa mapitio. Deus, ulikuwepo. Washauri walitoka Dar es Salaam, vijana wasafi wenye ndege ndogo ya kupiga picha, na kwa sababu ya mambo ya bajeti walifika katikati ya mvua. Ndege ikapaa juu ya Kidula. Kwenye skrini yakaonekana majani marefu, bikoni chache, hakuna ng'ombe. Kiongozi wao akauliza, "Hapa mbona pamelala?"

Nikawaomba warudi kiangazi. Nikawasimulia habari ya mbuzi. Walicheka sana, mmoja akaniomba niisimulie tena wakati wa chakula cha mchana ili wenzake waisikie, na nilipomaliza kuisimulia mara ya pili uamuzi ulikuwa umeshapita. Kidula ikawa makazi. Deus ulibonyeza mara moja, kijani ikawa njano. Sikulaumu, uliagizwa, na mimi pia niliagizwa mengi. Ila nilisogea karibu na ile skrini nikatafuta, kwa mazoea ya kijinga, mahali palipokwanguliwa. Rangi ilikuwa safi kabisa. Ukimwonyesha mtu leo, atadhani njano ilikuwepo tangu dunia iumbwe.

Kiangazi kilichofuata Nkwimba alikuja ofisini. Kidula kizima kilikuwa kimebaki na kipande chake na viwili vitatu vya majirani. Alikaa kwenye benchi la wateja, kilemba kimejaa vumbi la pikipiki.

"Mwadila, baba," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Habari za Kidula?"

"Ng'ombe wanalala chini hawainuki. Wewe ndiye unayechora. Chora basi."

Nilimpeleka kwenye kompyuta kwa sababu sikujua nimpeleke wapi. Deus ukamwonyesha nyumba yake kwa mshale mdogo, halafu ukamwonyesha ile njano.

"Nani anakaa hapo?"

"Bado hakuna mtu," ulimjibu.

"Basi ni nyasi," alisema.

Alishukuru, akaondoka. Wiki ile aliwaswaga maksai wake wawili kwenda kwa wakwe zake Mwamanyili, karibu na ziwa, wakalishwe huko mpaka mvua. Afisa, yule wa mwisho, alianguka njiani na hakuinuka. Mwenzake alifika, akabaki huko huko, maana maksai mmoja hafungwi nira. Mvua zilipoanza Nkwimba alisubiri trekta la kukodi, lililofika limechelewa, na pamba yake ya mwaka ule ilikuwa fupi, ungeipita kwa hatua bila kuinua goti. Nililia siku niliyoiona pamba ile, ofisini, mlango umefungwa. Naandika hivyo kwa sababu mtu alisema kwenye kuagwa kwangu kwamba sikuwahi kutikisika.

Nendeni mkaione Kidula sasa. Nyumba chache zimetupwa mbali mbali, maji yanaletwa na gari, watoto wanavuka barabara kuu kwenda shule na kila mwaka tunazika. Viwanja vingi ni vya watu wa Mwanza na Dar ambao hawajawahi kuvikanyaga. Misingi imechimbwa ikajaa maji na vyura. Majani yanaota humo, yanafika kifuani kama zamani, kisha kiangazi mtu anapita na kiberiti. Pako wazi tena, ila safari hii kweli hakuna mwenyewe.

Mimi nimejenga karibu na hapo, kando ya barabara ya Ngulyati. Mvua hii iliyopita nilikuwa nimekaa kibarazani mchana, nachambua maharage kama mstaafu anavyopaswa, nikasikia yowe. Niliijua sauti ile, ingawa imezeeka. Nikasimama nikasikiliza kama litapokelewa. Jirani yangu, mwalimu, alitoka, akatazama, akarudi ndani. Vijana wa bodaboda kwenye kivuli cha duka hawakukatisha hata mchezo wao wa karata. "Ni yule bibi wa majani," mmoja alisema.

Nikachukua fimbo nikaenda, nikikimbia kidogo, nikitembea kidogo, kwa magoti haya. Nilimkuta juu ya kichuguu kile kile, amesimama, viganja mdomoni. Mbuzi wa mtu walikuwa wamepenya minyaa wameingia kwenye kipande chake, ambacho bado anakifunga kila mvua, peke yake, hana tena maksai wa kukifungulia. Niliingia nikawazunguka mbuzi, nikawaswaga mpaka wakatoka wote barabarani. Niliporudi, yeye hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye njia niliyokuja nayo.

"Wengine wako wapi?"

"Nimekuja mimi tu, mayu."

Aliendelea kutazama njia kwa kitambo. Kisha akashusha mikono, akaona miguu yangu iko wapi.

"Umekanyaga ndani, baba," alisema. "Zimefungwa. Toka."

Nikatoka.